Umejuaje?

Siku ya pili ya matanga, kule Same, mvua ilitulazimisha sote kubanana sebuleni pamoja na masufuria na mikeka, na hapo ndipo shangazi aliponipa simu yake akitaka nimsomee ujumbe, kwa kuwa miwani alikuwa ameisahau nyumbani. Alitaka nisome kwa sauti, nami nikasoma. Ulikuwa ni ule waraka wa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume mjini Madina, ambaye usiku wa kuamkia Ijumaa aliota akiambiwa kwamba maelfu ya watu wamekufa bila imani, kwamba mlango wa toba unakaribia kufungwa, na kwamba jua litachomoza magharibi. Atakayeusambaza atafunguliwa riziki. Atakayeupuuza atafikwa na msiba. Mwishoni mtu asiyejulikana alikuwa ameongeza mwaka, na mwaka wenyewe ulikuwa huu tulio nao.

"Si kweli hii, shangazi," nilisema, nikamrudishia simu.

Hakukasirika wala hakubisha. Aliniuliza tu, "Umejuaje?"

Mjomba, ambaye ni Msabato na hakosi neno panapozungumzwa dini, aliingilia akisema kwamba simu za siku hizi zina manabii wengi kuliko Agano la Kale zima. Shangazi akamgeukia. "Na nyinyi je, shemeji? Si nyinyi mliovaa kanzu nyeupe mkangoja mawingu yafunguke?" Watu wakacheka, chai ikaletwa, na mazungumzo yakahamia kwenye kreti za soda na nani angezirudisha dukani kesho yake. Katika ukoo wetu wa Kipare, ambamo Waislamu, Walutheri na Wasabato hula sinia moja, utani wa namna hiyo hauvunji undugu.

Mimi nilibaki na lile swali, na limenikaa kichwani kwa majuma kadhaa. Nilikuwa nimejibu upesi na kwa uhakika, kwa sauti ya mtu aliyeuchunguza ule waraka, ilhali nilichokuwa nacho ni mazoea ya kutoamini ujumbe wa aina hiyo. Mazoea hayo niliyapata bila kuyatolea jasho, kama shangazi alivyoyapata yake ya kuamini.

Sheikh Ahmad alipofika Lindi

Nilipoanza kufuatilia, niligundua kwamba waraka huu ni mkongwe kuliko simu, kuliko mashine ya fotokopi, kuliko hata Tanganyika yenyewe. Mwaka 1884 msomi wa Kiholanzi, Christiaan Snouck Hurgronje, aliandika kuhusu waraka wa namna hiyo hiyo uliokuwa ukizunguka miongoni mwa Waislamu wa visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Mwaka 1908 ulitua Lindi. Maudhui yake yalikuwa haya haya: mlinzi wa kaburi, ndoto, Kiama kilichokaribia, na agizo la kumfikishia mwenzako. Watu waliunakili kwa mkono, wakasomeana, na wengi waliokuwa wameitupa swala wakarudi misikitini. Maofisa wa Kijerumani, ambao vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimewaishia, wakadhani kuna vita vingine vinaandaliwa. Waliiita Barua ya Makka, ingawa msemaji wake ni mtu wa Madina, na katika kumsaka mwenezaji walifika hadi kulitaja jina la Muhammad bin Khalfan wa Unguja, yule Rumaliza aliyewahi kupigana na Wabelgiji kandokando ya Ziwa Tanganyika.

Hapo nilikuwa na jibu la shangazi, au walau sehemu yake. Kama Sheikh Ahmad aliota kabla ya mwaka 1884, akaota tena kabla ya 1908, na bado yuko pale Madina akiota mwaka huu, basi ama ameishi zaidi ya miaka 140 ama hajawahi kuwapo. Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekuwa mufti wa Saudi Arabia, aliuandikia waraka huo onyo na kusema bila kificho kwamba ni uongo. Na hata bila onyo lake, Mwislamu aliyeisoma Suratul-A'raf aya ya 187 anajua kwamba elimu ya Saa hiyo iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake.

Jibu hilo lina mpaka wake, hata hivyo. Linaonyesha kwamba waraka ni wa kughushi, lakini halisemi lolote kuhusu lini dunia itakwisha wala kama itakwisha. Siku ile sebuleni nilikuwa nimeyajibu yote mawili kwa pumzi moja.

Kuna jambo lingine lililonizuia kuwacheka watu wa Lindi. Katika kuzima Maji Maji, kati ya mwaka 1905 na 1907, jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala ya chakula kwa makusudi, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 na kufika 300,000. Mtu aliyezika watoto wake mwaka 1907, kisha mwaka uliofuata akasomewa kwamba dunia inakaribia mwisho, hakuwa akiambiwa habari ngeni. Kwa wengi wao dunia ilikwisha kabla ya waraka kufika, na waraka uliwapa angalau kitu cha kufanya: tubu, swali, mnakilie jirani. Utabiri wa mwisho wa dunia hupata wasikilizaji pale ambapo watu wameshaona mengi, na anayeukosoa bila kuyajua hayo waliyoyaona atakuwa anabishana na karatasi huku akimwacha msomaji wake.

Baada ya tarehe kupita

Ile habari ya kanzu nyeupe, ambayo shangazi alimtania nayo mjomba, wanahistoria wengi wanaiona kuwa ni chumvi ya magazeti ya zamani. Iliyobaki ni kweli.

William Miller alikuwa mkulima wa jimbo la New York, Mbaptisti, ambaye kwa hesabu za siku 2,300 za kitabu cha Danieli alifikia hitimisho kwamba Kristo angerudi kati ya Machi 1843 na Machi 1844. Hakutafuta utajiri wala hakujiita nabii, na alisita miaka mingi kabla ya kuhubiri alichokiona katika hesabu zake. Machi 1844 ilipopita, aliandika kwamba anakiri kosa lake na kuvunjika moyo kwake. Akaongeza sentensi ambayo nimeirudia mara nyingi: kwamba kama angeishi tena maisha yale yale akiwa na ushahidi ule ule, basi ili awe mkweli mbele ya Mungu na wanadamu angelazimika kufanya kama alivyofanya.

Nimejiuliza kama huko ni kukiri au ni kujitetea.

Nadhani ni yote mawili, na ndiyo maana ninamheshimu. Anakiri kwamba hitimisho halikuwa sahihi, huku akikataa kudai kwamba alikuwa mwongo, kwa sababu hakuwa. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawapoteza maelfu. Ukweli wa moyo wake haukuilinda jamii yake dhidi ya hesabu mbovu, kwani miezi michache baadaye mhubiri mwenzake, Samuel Snow, alileta tarehe mpya, Oktoba 22, 1844, na Miller, aliyejizuia kwa muda mrefu, aliikubali zikiwa zimebaki wiki mbili tu. Kuna wakulima walioacha viazi ardhini bila kuvivuna, maana kuvuna kungekuwa ni kukiri kwamba majira ya baridi yatakuja. Hiram Edson, mmoja wa waliongoja usiku ule, aliandika baadaye kwamba walilia na kulia hadi kulipopambazuka.

Kilichofuata kinanivutia zaidi kuliko utabiri wenyewe. Wapo waliorudi makanisani kwao au kuacha dini kabisa, na wapo waliopanga tarehe nyingine. Kundi dogo lilisema kwamba tarehe ilikuwa sahihi ila tukio lilieleweka vibaya: jambo lililotabiriwa lilitokea kweli, lakini mbinguni, katika patakatifu, pasipoonekana na macho ya mtu. Kutoka katika kundi hilo lilizaliwa Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863, ambalo wamisionari wake walifika Upare mwaka 1903. Bila usiku ule wa Oktoba, mjomba wangu angekuwa Mlutheri.

Hapa mimi na yeye hatukubaliani, na tumelizungumza kwa simu zaidi ya mara moja tangu matanga yale. Mimi naona kwamba utabiri ukishahamishiwa mahali ambapo hakuna awezaye kwenda kuukagua, hauwezi tena kukosea, na kwa hiyo hauwezi tena kuwa kweli kwa namna tunayoitumia katika mambo mengine. Yeye anasema kwamba imani yote iko hivyo, na kwamba nikitaka ushahidi wa uaminifu wa kanisa lake nitazame walichokifanya baadaye: tangu hapo halipangi tarehe. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," alinikumbusha, kisha akanisomea Kumbukumbu la Torati 18:22, ile aya inayosema kuhusu nabii ambaye neno lake halikutimia: kwa kujikinai amelinena, usimwogope. Sikuwa nimelitilia maanani neno la mwisho. Nilidhani aya hiyo ni ya kumpima nabii, kumbe ni ya kumtua msikilizaji hofu pia.

Harold Camping, mhubiri wa redio wa California, alipitia njia hiyo hiyo kwa kasi zaidi. Alitaja Septemba 1994, kisha Mei 21, 2011, kisha Oktoba 21 mwaka huo huo. Fedha nyingi za wasikilizaji zilitumika katika mabango ya tarehe ya Mei, na alipoulizwa kama atazirudisha, alisema hakuna sababu kwa kuwa mwisho ulikuwa bado unakuja. Machi 2012, akiwa na umri wa miaka 90, alitoa barua akikiri kwamba kutaja tarehe kulikuwa ni dhambi, na kwamba waliomkumbusha Mathayo 24:36, "habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye", ndio waliokuwa sahihi. Ni barua nzuri. Ingekuwa nzuri zaidi kama ingeambatana na hundi.

Kati ya Desemba na Machi

Nisingeandika makala hii kama utabiri ulioshindwa ungekuwa unaishia tu kwenye machozi na mabango.

Kanungu ni wilaya ya kusini magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Huko, katika miaka ya 1990, Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na padri Dominic Kataribabo waliongoza kundi lililojiita Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Waumini waliuza mashamba na mifugo, wakakabidhi mapato kwa viongozi, wakahamia kuishi pamoja wakiingoja Desemba 31, 1999.

Kuna jambo moja la Kanungu ambalo halinitoki. Waumini walizuiwa kuzungumza isipokuwa katika sala, na walielewana kwa ishara za mikono, kwa hofu kwamba anayefungua kinywa huenda akaivunja amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Nimejaribu kuwaza jikoni mwao: mama anaomba chumvi kwa vidole, mtoto anaonyesha kwa kichwa kwamba maji yamechemka, na kila mmoja anajilinda asije akasema neno moja lisilo sahihi, huku waliowafundisha ukimya huo wakiwa huru kusema chochote. Watu walioogopa uongo hadi wakaacha kusema ndio walioongopewa kuliko wote. Nina shaka kama katika ishara zao ilikuwapo ishara ya kuuliza kiongozi amejuaje.

Januari 1, 2000, jua lilichomoza upande wake wa siku zote.

Yaliyotokea kati ya asubuhi hiyo na katikati ya Machi ndiyo moyo wa jambo hili. Waumini, baadhi yao, walianza kudai mali zao. Viongozi walikuwa na nafasi ya kusema sentensi ambayo Miller aliisema: tumekosea. Lakini kwa Miller sentensi hiyo iligharimu heshima tu, ilhali kwao ingegharimu mashamba, ng'ombe na pengine kifungo, maana wapo waliokuwa wameshauawa na kuzikwa kimya kimya. Ikatangazwa tarehe mpya. Machi 17, baada ya karamu ya nyama na soda, waumini waliingia katika kanisa ambalo madirisha yake yalikuwa yamezibwa kwa mbao na misumari, na kanisa likateketezwa nao wakiwa ndani. Siku zilizofuata polisi walifukua maiti nyingine katika nyumba za viongozi, na hesabu ya wote ikapita 700.

Wengi walipousikia mkasa huo walisema kwamba waumini wale walikuwa wajinga, eti wangewezaje kuamini. Wanasahau kwamba katika miezi ile ya mwisho walikuwapo walioacha kuamini, wakauliza kwa sauti, na kuuliza ndiko kulikowaponza.

Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, ni karibu zaidi nasi kwa lugha na kwa miaka, na kesi bado iko mahakamani. Paul Mackenzie amekana mashtaka, nami sitatoa hukumu kabla ya mahakama. Yasiyobishaniwa yanatosha. Kuanzia Aprili 2023 maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa katika msitu ule, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa, na baadhi wakiwa na dalili za kunyongwa au kupigwa. Wengi mno walikuwa watoto. Makala nyingi kuhusu imani potofu, hii ikiwa mojawapo, huzungumza kuhusu haki ya mtu mzima kuamini na kutoamini, kana kwamba kila aliyekuwa msituni alikuja kwa miguu yake baada ya kupima hoja.

Wanaokanusha nao hutabiri

Ningeweza kuishia hapo, nikiwa upande salama wa wenye mashaka. Lakini swali la shangazi halikuulizwa kwa Kibwetere. Liliulizwa kwangu, mkanushaji.

Oktoba 2023, baada ya miezi ya tahadhari kuhusu mvua za El Niño, Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba wataalamu wa hali ya hewa wamebadili makadirio yao, na kwamba mvua zitakuwa nyingi lakini hazitafikia kiwango cha kuleta maafa. Habari hiyo ilipokewa kwa faraja. Baada ya hofu ndefu, kila mtu hupenda kuambiwa kwamba hakuna kitu. Novemba mafuriko yaliikumba kaskazini mashariki na Pwani, na watu zaidi ya 100 wakafa. Kusema kwamba jambo halitatokea ni utabiri kama utabiri mwingine, ila huwa haudaiwi ushahidi, kwa sababu unasikika kama busara.

Mwaka uliofuata sisi wa Tanzania tulipata somo la upande wa pili. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kimbunga Hidaya, boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimama, na Mei 4, 2024 kimbunga kikaingia Mafia kisha kikapoteza nguvu. Mamlaka ilitangaza hilo pia, waziwazi. Dar es Salaam niliwasikia watu wakicheka kwamba tulitishwa bure. Waliosafiri kwenda kusini hawakucheka, kwa kuwa mvua za kimbunga hicho ziliikata barabara ya Lindi pale Somanga. Lakini hata kama isingekatika, kicheko kile kingekuwa cha dhuluma. Onyo lile lilitolewa na watu wanaojulikana, likieleza linatokana na vipimo gani, likarekebishwa saa kwa saa hali ilipobadilika, na hakuna aliyeambiwa auze shamba lake kwa aliyetoa onyo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa wasomi wawili wa Marekani. Mwanabiolojia Paul Ehrlich aliandika mwaka 1968 kwamba mamia ya mamilioni ya watu wangekufa kwa njaa katika miaka ya 1970. Njaa zilikuwapo, lakini si kwa kiwango hicho. Mchumi Julian Simon, aliyechoka na maneno, alimwalika waweke dau, na mwaka 1980 wakakubaliana kuhusu madini matano, yaani shaba, kromi, nikeli, bati na tungsteni, yenye thamani ya dola 1,000. Kama rasilimali za dunia zinakwisha, bei zitapanda ndani ya miaka 10. Kama sivyo, zitashuka. Zilishuka, na Oktoba 1990 Simon alipokea kwa posta hundi ya dola 576.07.

Hundi ile ina uaminifu kuliko vitabu vingi vya pande zote mbili. Ehrlich hakubadili msimamo wake mkuu, wala hakuomba radhi, lakini alikuwa amekubali mapema jambo litakaloonyesha kwamba amekosea, likatokea, akalipa. Na upande wa Simon unahitaji uaminifu wake pia, kwa maana wachumi waliopiga hesabu baadaye walionyesha kwamba katika vipindi vingi vingine vya miaka 10 vya karne ile, Ehrlich angeshinda. Wanaoisimulia hadithi hii kwa furaha, hasa wanaopenda kuwacheka watabiri wa maafa, mara nyingi huiacha sehemu hiyo ya mwisho. Nami nilitamani kuiacha, maana bila hiyo hadithi inapendeza zaidi.

Nimetumiwa tu

Baada ya matanga nilimpigia simu shangazi nikamweleza kuhusu Lindi na Snouck Hurgronje. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana, akakubali kwamba Sheikh Ahmad hawezi kuwa ameota kwa zaidi ya karne. Kisha nikamuuliza kama alikuwa ameusambaza ule waraka. Alikuwa ameshausambaza, kwa jamaa na kwa kikundi chao cha vikoba.

"Lakini mimi sikusema ni kweli," alisema. "Nimetumiwa tu, nami nikatuma."

Nimelitafakari jibu hilo kuliko waraka wenyewe, kwa sababu ndilo jibu letu sote. Waraka wa mwaka 1908 ulihitaji mtu akae chini na kalamu, anakili kila neno kwa mwandiko ambao jirani zake wanautambua. Kwa vyovyote alikuwa amejihusisha. Sasa kidole kimoja kinatosha, na ujumbe unaingia kwa mwenzako ukiwa na uzito wa jina lako, ilhali wewe mwenyewe hujaweka chochote. Aliyepokea anasema, "Fulani kaniletea, si mtu wa kuropoka." Fulani naye anasema hakusema. Katika mnyororo mzima hakuna hata mmoja anayeweza kuulizwa.

Nilimwambia shangazi kwamba kama anaamini, autume na aandike juu yake kwamba anaamini, na kwa nini; na kama haamini, asiutume; na kama hajui, aseme hajui. Alicheka. Alisema kwamba nikimtaka aandike sababu kila anapotuma kitu, hatatuma chochote tena, na je, habari za misiba na harusi atazitumaje? Ni hoja ya haki. Sikuwa na jibu zuri.

Lakini nimeona kwamba yeye ndiye aliyefanya jambo gumu kuliko sote mle sebuleni. Alikuwa na ujumbe unaomtishia msiba, mbele ya ndugu wa dini zote, kwenye matanga ambako habari za kifo na Kiama zina uzito wake, na bado akanipa nafasi ya kusema si kweli, akanidai ushahidi bila kunikaripia. Sisi wengine tuliingia na majibu mikononi.

Barafu ya Kilimanjaro

Utabiri unaonisumbua kuliko yote ni ule ambao tarehe yake imekosea na mwelekeo wake umepatia. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake, baada ya kuchimba sampuli za barafu juu ya Kibo, walichapisha makadirio kwamba barafu ya Kilimanjaro ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita. Ukiwa Mwanga asubuhi isiyo na mawingu bado unauona weupe kileleni, na wapo wanaouelekezea kidole wakisema kwamba wanasayansi ni manabii wa uongo kama wengine.

Mwaka 1912 barafu ile ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Leo imebaki sehemu ndogo mno ya hiyo. Anayesema tu kwamba tarehe ilishindwa ananificha nusu, na anayesema tu kwamba barafu inakwisha, bila kukiri kwamba ile tarehe ilitangazwa dunia nzima ikashindwa, ananificha nusu nyingine, tena anampa mwenzake silaha. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa makadirio mapya: barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya itakuwa imetoweka ifikapo mwaka 2050.

Mimi si mtaalamu wa barafu. Kwa kuutazama mwenendo wa hesabu hizo, nadhani UNESCO wako karibu na ukweli, nami natabiri kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2050 hakutakuwa na kipande cha barafu ya kudumu juu ya Kibo. Theluji inayoanguka na kuyeyuka ndani ya wiki siihesabu. Uhakika wangu si kamili. Ningeweka dau, lakini si shamba. Kama kipande kitakuwapo, nitakuwa nimekosea, na sitasema kwamba nilimaanisha barafu ya rohoni. Nikiwa hai mwaka huo, yeyote aliyeihifadhi makala hii aniletee.